Kile tunakataa ku mgodi, tusikikubali kwa beseni ya nguo

Ilikuwa siku ya posho, saa nne ya asubuhi. Sisi wajumbe wa sendika tulikuwa katika mkutano wakati simu ya mwenzetu mmoja ililia. Alisikiliza, akasimama, hakutuaga, akatoka mbio kutafuta motari barabarani. Tulimfuata. Nyumbani kwake, upande wa Mudzipela, tulikuta shemeji yetu amekalishwa juu ya mkeka, macho wazi, mkono wa kuume umeungua katika vidole, na majirani wamemzunguka.

Kile kilitokea tulikielewa kisha kuangalia mahali penyewe. Shemeji alikuwa anachemsha maji ya kufulia nguo za kazi za bwana wake. Nguo za mgodi mnazijua: ule udongo mwekundu hautoki na maji ya baridi. Alikuwa ametia ndani ya ndoo ya chuma ile chuma ya kuzunguka ya kuchemshia maji, yenye tunaita rezistansi. Waya yake ilipita dirishani mpaka kwenye ralonji, na ralonji ililala juu ya sima yenye maji. Akaingiza mkono kusikia kama maji yamepata moto. Mkono ukashikwa. Hakuwa na viatu.

Mtoto wake mkubwa akapiga kelele: « Mama iko natetemeka! » Akataka kumvuta, jirani mmoja akamkamata kwa nguvu: « Usimuguse, utakufa naye! » Na pale pale umeme wa kartiye nzima ukakatika. Ilikuwa delestaji.

Kila siku hapa Bunia tunatukana delestaji. Siku ile ndiyo ilimwokoa mama wa watoto wanne. Haikuwa chombo cha usalama wala fundi, wala sisi watu wa sendika wenye kusema kila siku juu ya usalama wa kazi. Tulirudi kwenye mkutano, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuendelea na ajenda.

Kitu kimoja kilitusumbua. Ku mgodi, kama motopompi iko na waya imechubuka na imelala ndani ya maji, tunasimamisha kazi. Fundi hatagusa mashini bila kwanza kuzima, kufunga na kadenasi na kutundika kibao kwamba mtu anafanya kazi. Tumepigania kofia, buti, ginti. Sheria ya kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka komite ya usalama na usafi mahali pa kazi, na tunakaa ndani ya komite hizo. Lakini katika kahier zetu zote za madai, hatukuandika hata mstari mmoja juu ya prizi ya nyumbani. Waya ambayo tungeikataa shimoni, tuliiacha kwa mama na watoto wetu wa kike, kati ya maji na sabuni.

Chombo kilichozaliwa katika migodi ya dhahabu

Kuna chombo kidogo, kinatosha ndani ya kiganja, ambacho kingekata umeme ule mbele shemeji ashikwe. Historia yake ni historia ya watu kama sisi.

Mwaka 1955, katika Afrika ya Kusini, Henri Rubin alikuwa anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha vyombo vya umeme huko Alberton, karibu na Johannesburg. Alitengeneza chombo cha kukata umeme wakati unavuja. Vyombo vya mbele yake vilingoja uvujaji mkubwa sana, karibu amperi 10. Chake kilikata kwenye miliamperi 250, na kiliwekwa katika migodi kadhaa ya dhahabu. Hakuishia hapo. Mwanzo wa mwaka 1956 alitoa kingine, cha volti 220 kama umeme wa nyumba, chenye kukata chini ya miliamperi 20.

Kisha mwanamke mmoja alikufa na umeme nyumbani, katika kijiji cha wachimbaji wa dhahabu cha Stilfontein. Kwa sababu ya kifo chake, katika miaka ya 1957 na 1958, vyombo mia kadhaa vya miliamperi 20 viliwekwa katika nyumba za kijiji hicho.

Jina la Stilfontein wengi wetu tulilisikia mwaka 2024 na Januari 2025, wakati wachimbaji wadogo walikwama chini ya shimo la zamani na wengi wakatolewa maiti. Ni jina la huzuni kwa kila mtu wa dhahabu. Lakini lina pia jambo hili la kukumbuka: zaidi ya miaka 60 iliyopita, chombo chenye kuanzia migodini kiliingia katika nyumba za wachimbaji, sababu mwanamke mmoja alikufa. Hapa kwetu je, tunangoja nani afe?

Na sisi si wageni wa umeme. Kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa wakati wa wakoloni kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto. Umeme wa Ituri ulianza kwa dhahabu, kisha ukaingia katika nyumba. Usalama wake haukuufuata.

Disjonkteri inalinda waya, hailindi mtu

Wenzetu wengi wanatuambia: « Kwangu hakuna shida, niko na disjonkteri. » Tuelewane hapo.

Umeme wa nyumba zetu ni volti 220. Mwili wenye kulowana unaacha umeme upite kwa urahisi. Tukihesabu mwili huo kuwa na omu 1000, volti 220 inapitisha miliamperi 220. Kwa miliamperi 1, mtu anaanza kusikia. Kwa kama 10, misuli inakaza na mkono hauwezi kuachilia tena. Ndiyo kusema « kushikwa ». Kuanzia 30, kama umeme unadumu, kupumua kunakuwa shida na moyo unaweza kuanza kutetemeka bila kusukuma damu.

Sasa angalia disjonkteri yako. Imeandikwa 16 A. Hiyo ni miliamperi 16 000. Umeme wenye kupita ndani ya mwili wa shemeji ulikuwa mdogo mara zaidi ya sabini kuliko huo. Disjonkteri haikuuona. Imetengenezwa ili waya isiungue. Mtu anaweza kufa pembeni yake nayo ikabaki imesimama.

Chombo cha kulinda mtu kinaitwa diferansieli. Katika duka mtaona kimeandikwa kwa Kifaransa « interrupteur différentiel 30 mA » ao « disjoncteur différentiel 30 mA ». Kazi yake ni kama ya mtu mwenye mizani ya dhahabu: anapima kile kimeingia na kile kimerudi. Umeme unaingia kwa waya moja na kurudi kwa nyingine. Kama hesabu haitoshani, kama miliamperi 30 zimepotea njiani, chombo kinajua kwamba umeme umepata njia nyingine, labda mwili wa mtu. Kinakata chini ya theluthi moja ya sekunde.

Chagueni 30 mA. Kuna zile za 300 mA na 500 mA. Hizo zinasaidia kuzuia moto wa nyumba, lakini kwa mtu mwenye mkono ndani ya maji zinachelewa.

Kile tuliona katika parsele zetu

Kisha ajali ile, tulianza kupita nyumba kwa nyumba kwa wenzetu: Mudzipela, Nyakasanza, Bankoko, Saio. Hatukuenda kuhukumu mtu. Tulianza na nyumba zetu wenyewe, na haya tulitupata ndani yake.

Kwanza, mahali pa kufulia ni uwanja, na prizi iko ndani ya nyumba. Kwa hiyo ralonji inatoka dirishani na kulala chini. Maji ya kusuuza yanapita juu yake, watoto wanaikanyaga, na mahali imekatika imefungwa na kipande cha sachet. Tangu vita ilifukuza watu vijijini, parsele moja inabeba nyumba tano ao sita, na ralonji moja inalisha zote.

Pili, kamba ya kuanika nguo ni waya ya chuma, imefungwa kwenye mabati ya nyumba. Juu ya mabati hayo hayo kunapita waya ya umeme, na jua limekula ngozi yake. Siku waya inagusa bati, bati lote linapata umeme, na kamba ya nguo nayo. Mama anakuja na shati yenye maji, anaitupa juu ya kamba. Hakugusa prizi yoyote, na umeme unamkuta.

Tatu, vyombo vyenye kutoka Uganda na Dubai vina fishi ya miguu mitatu ya mraba, na prizi zetu nyingi ni za mashimo mawili ya mviringo. Wengine wanatia adaptateri yenye kupoteza mguu wa tatu. Wengine wanakata fishi na kuingiza waya tupu ndani ya prizi, wanazikaza na kijiti cha kiberiti. Ule mguu wa tatu si urembo. Ndio waya ya ardhi, mafundi wanaita « terre », yenye rangi ya kijani na manjano. Inapeleka chini umeme wenye kuvuja mbele mtu aguse chombo. Ukiukata, ngozi ya chuma ya mashini ya kufua ao ya pasi inaweza kubaki na umeme, ikingoja mkono.

Inne, pasi na mashini ya kufua kwenye ralonji moja. Pasi ya wati 2000 inakula amperi 9. Mashini ya kufua, wakati inachemsha maji, inakula amperi 9 ao 10. Pamoja ni karibu 19, juu ya waya nyembamba ya ralonji ya soko. Waya inapata moto, plastiki inayeyuka, na moto unaanzia nyuma ya kabati.

Tano, na hii ni ya hapa kwetu kabisa: umeme unakatika mama akiwa anapiga pasi ao anachemsha maji. Anaacha vitu namna viko, anaenda sokoni. Saa tatu ya usiku watoto wanashangilia: « Courant imerudi! » Hakuna anayekumbuka pasi iliyolala juu ya nguo, ao rezistansi iliyo ndani ya ndoo ambayo maji yake yamemwagwa.

Tuliuliza pia: nani alichagua kupitisha waya hapa? Karibu kila mahali jibu lilikuwa baba. Na nani anafua? Mama, ao binti. Yule anayeweka waya si yule anayeingiza mkono ndani ya maji. Wandugu wanaume, hapo ndipo kazi yetu inaanzia.

Prizi ya mahali pa kufulia iwe namna gani

Nchi zingine zimeandika mambo haya. Kanuni ya Ufaransa, NF C 15-100, inataka prizi za nyumba ziwe nyuma ya diferansieli ya 30 mA, inapatia mashini ya kufua laini yake yenyewe ya waya ya milimita mraba 2,5 na disjonkteri ya 20 A, na inakataza prizi chini ya sentimita 60 kutoka bafu. Kanuni ya Marekani, tangu toleo la mwaka 2014, inataka ulinzi wa kukata umeme wenye kuvuja kwa prizi zote za mahali pa kufulia. Kwetu, sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni ya binafsi katika kazi ya umeme. Lakini waya za ndani ya nyumba, ni mwenye nyumba na fundi wake ndio wanaziweka. Basi haya ndiyo tunaomba kila familia ya mchimbaji ishike:

1. Diferansieli ya 30 mA kwenye mwanzo wa umeme wa nyumba. Kama pesa haitoshi kwa nyumba nzima, muanze na laini ya mahali pa kufulia.

2. Prizi ikae mbali na maji. Kipimo ni rahisi: simama penye beseni, nyoosha mkono na uiname. Kama unafikia prizi, iko karibu sana. Iwekwe ukutani, kwenye urefu wa kifua cha mtu mzima, mbali na matone na mbali na watoto.

3. Kama prizi iko inje, iwe yenye kifuniko, iliyoandikwa IP44. Maana yake maji ya kurukaruka hayaingii.

4. Waya ya ardhi iwe ya kweli: piketi ya chuma yenye shaba, mita moja na nusu ao mbili, ipigwe yote ndani ya udongo wenye ubaridi, na waya ya kijani na manjano ifike mpaka kwenye prizi yenyewe. Waya ya kijani na manjano yenye kuishia ndani ya ukuta ni uongo.

5. Mashini ya kufua isitumie ralonji. Iwe na laini yake.

6. Rezistansi: tia maji, tia rezistansi, kisha tu weka ku prizi. Mbele ya kugusa maji, toa ku prizi, si kuzima tu kwa kifungo. Ndoo iwe mahali pakavu, mbali na watoto, na mtu avae kambambili miguuni. Lakini tunasema wazi: anayeweza kuchemsha maji kwa makala ao kwa kuni, afanye hivyo. Rezistansi za soko ndizo chombo kibaya kuliko vyote tulivyoona.

7. Kamba ya nguo iwe ya nailoni, na isifungwe kwenye mabati wala kwenye nguzo ya umeme.

8. Umeme ukikatika, toeni pasi, rezistansi na mashini ku prizi. Muacheni taa moja tu, itawaambia wakati umerudi.

Wenzetu wa Mongbwalu na wa karyeri watasema: « Sisi tuko na jenereta, ao panneau. » Taa za batri ya volti 12 hazina hatari hii. Lakini mara tu mnaweka convertisseur ya kutoa 220, umeme ule unaua sawa na wa mjini. Na kwa jenereta, diferansieli inaweza kukaa pale bila kufanya kazi kama fundi hakuunganisha jenereta na ardhi namna inafaa. Mwombeni ajaribu mbele ya macho yenu.

« Ile kitu inaanguka kila saa »

Kwa familia moja tulikuta diferansieli iko, lakini waya zimepitishwa pembeni yake. Baba alitueleza: « Ilikuwa inaanguka kila saa, fundi akaitosha. » Hapo tulikaa muda mrefu. Diferansieli yenye kuanguka kila saa inasema ukweli: kuna umeme unavuja katika nyumba yako. Toa vyombo vyote ku prizi, rudisha kimoja kimoja. Kile chenye kuiangusha ndicho kiko na ugonjwa. Kwa yule baba ilikuwa pasi ya zamani. Pasi ilitupwa, diferansieli ikarudishwa.

Juu ya chombo hicho kuna kifungo kidogo kimeandikwa T. Mara moja kwa mwezi, umeme ukiwa umekuja, kifinyeni. Kama inaanguka, ni nzima. Kama haianguki, haiwalindi tena, ao mliuziwa ya uongo. Fanyeni jaribio hilo mbele ya fundi hajalipwa.

Na kama ajali imetokea, usimguse mtu. Zima kwanza umeme. Kama huwezi, msukume na mti mkavu, ukisimama mahali pakavu. Kama hapumui, mlaze juu ya mgongo, finya katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta usafiri wa kwenda hospitali. Kuna wanaosema azikwe ndani ya udongo ili umeme utoke, ao anyweshwe maziwa. Umeme haubaki ndani ya mwili, na dakika hizo zinamwua. Hata aliyesimama mwenyewe aende kwa munganga, sababu moyo unaweza kusumbuka kisha.

Kile tutaomba

Ajali ya mama nyumbani haihesabiwi kama ajali ya kazi, hata kama alikuwa anafua udongo wa kampuni. Tunalijua. Kwa hiyo tumekubaliana kuingiza mambo matatu katika madai yetu yanayokuja. Nyumba yoyote yenye kutolewa na mwajiri iwe na diferansieli ya 30 mA na waya ya ardhi, na komite ya usalama iwe na haki ya kuikagua. Kwa wale wanaopewa pesa ya nyumba, mwajiri awauzie diferansieli kwa bei ya jumla, na kuikata kidogo kidogo kwenye mshahara. Na mafundi wa umeme wa mgodi wapewe siku za kupita katika nyumba za wafanyakazi.

Wachimbaji wadogo hawana mwajiri, wako na PDG wa shimo. Wao pia wanaweza kuchanga kwa likilimba, mwezi huu kwa mmoja, mwezi ujao kwa mwingine. Ni pesa, hatukatai. Lakini wengi wetu tuko na simu mfukoni ya bei kubwa kuliko chombo hicho. Na kama nyumba ni ya kupanga, mkamuone mwenye parsele wapangaji wote pamoja. Mmoja anafukuzwa, sita wanasikilizwa.

Shemeji amepona, vidole viwili tu bado havikunji vizuri. Bwana wake na majirani walichanga, fundi akaja. Ralonji ya dirishani imetolewa. Siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi, mbele ya kugusa nguo, shemeji mwenyewe anaenda kufinya kile kifungo. Nyumba nzima inazimika, watoto wanapiga kelele. Anaiinua tena, kisha anaanza kufua.